Bawa la kuku na pezi la perege: namna ya kuyatia rangi na kuyasoma

Atamisha mayai yenye mbegu kwa siku 10 kwenye nyuzijoto 37.5, ukiyageuza kila siku. Siku ya 10 yaweke kwenye friji usiku kucha kabla ya kuyapasua. Vifaranga vya perege vya sentimita 1 hadi 1.5 viue kwa mafuta ya karafuu, nusu mililita kwa lita moja ya maji. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji, hivyo yatikise kwanza na ethanoli kidogo. Matamvua yakitulia, viache dakika 10 zaidi.

Chuna ngozi yote ya kuku mchanga uliyemtoa kwenye yai na utoe matumbo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ngozi ikibaki, rangi haipenyi na utaona madoa tu. Loweka kila kitu kwenye ethanoli ya 95% kwa siku 2.

Kwa rangi ya bluu, inayoshika gegedu (tishu laini inayotangulia mfupa), changanya miligramu 20 za alsiani bluu, mililita 80 za ethanoli hiyo na mililita 20 za asidi asetiki isiyozimuliwa. Vaa glavu, fungua dirisha. Kuku akae saa 24, perege saa 6 tu: asidi huyeyusha chokaa ya mfupa, na rangi nyekundu ikija haitakuta cha kushika. Suuza kwa ethanoli, kisha hamishia kwenye potasiamu hidroksidi, 1% kwa kuku na 0.5% kwa perege, mpaka nyama ipitishe mwanga. Kagua kila baada ya saa chache. Ikizidi, viungo huachana. Ongeza humo alizarini nyekundu, rangi inayoshika mfupa, miligramu 5 kwa kila mililita 100, usiku mmoja. Malizia na gliserini, ukiizidisha kidogo kidogo.

Sasa weka lenzi. Kwenye bawa kuna mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vidole 3, na vyote vilianza kama gegedu. Kwenye pezi la kifuani, gegedu huishia kwenye vijifupa vifupi karibu na mwili. Inayofuata ni miale, yaani vijiti vyembamba vya mfupa vinavyotandaza pezi, myekundu isiyokuwa na bluu, kwa sababu mifupa yake haipitii hatua ya gegedu.

Tofauti hiyo huanzia kwenye chipukizi, kivimbe kidogo ambacho hukua kuwa bawa au pezi. Yote mawili huwa na ukingo wa seli nchani. Wa kuku hubaki, ukichochea seli za chini yake ziendelee kukua. Mtafiti John Saunders aliukata mwaka 1948, bawa likaota bila sehemu za nchani. Wa samaki hurefuka mapema ukawa utando, na miale hujengwa humo. Mwaka 2016 maabara ya Neil Shubin ya Chicago ilizima jeni za hox13, zilezile zinazohitajika kuunda vidole, katika samaki wadogo wenye milia. Miale ilipungua sana, vijifupa vya gegedu vikaongezeka. Kwa hiyo ukilinganisha sampuli zako, anza kwa kupima bluu inakoishia: kwenye pezi ni shinani, kwenye bawa ni ncha ya kidole.