Sadaka Isubiri: Namna ya Kupatanisha Wakulima na Wafugaji wa Imani Moja Usangu

Kosa la kwanza katika upatanisho hufanyika kwenye kalenda. Wakulima na wafugaji wa Usangu, bonde la mpunga na malisho mkoani Mbeya, wamegombana, mpunga umeliwa, ng'ombe wamekatwa mapanga, na wiki mbili baadaye kanisa limeshapanga ibada ya pamoja yenye kwaya nne na mgeni rasmi. Watu wanakumbatiana mbele ya madhabahu. Msimu unaofuata ng'ombe wanaingia tena shambani na ugomvi unaanzia pale ulipoachwa, safari hii ukiwa na uchungu wa kudanganyana nyumbani mwa Bwana.

Yesu aliweka mpangilio mwingine: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako" (Mathayo 5:24). Sadaka inasubiri. Wamoravian wa Rungwe na Mbeya wana mfano wake katika historia yao wenyewe. Herrnhut, Ujerumani, wakimbizi wa imani waliokuwa wamegawanyika vibaya walitia sahihi mapatano ya kindugu tarehe 12 Mei 1727. Ushirika wa Meza ya Bwana unaokumbukwa hadi leo ulifuata tarehe 13 Agosti. Kati ya karatasi na meza ilipita miezi mitatu. Nanyi jipeni walau muda kama huo.

Kwa Usangu, anzeni baada ya mavuno ya mpunga, kabla maji hayajapungua na mifugo haijaanza kusogea mitoni. Wakati wa kupandikiza hakuna mkulima mwenye nafasi ya kukaa kikao, na wakati wa ukame mkali kila mtu ana hasira tayari.

Kikundi cha wasuluhishi

Watu sita wanatosha: wawili wa upande wa wakulima, wawili wa upande wa wafugaji, wawili kutoka usharika au parokia ya mbali isiyo na shamba wala ng'ombe pale. Wanawake wasipungue watatu. Mwenyekiti atoke kwa wale wawili wa nje. Mchungaji wa usharika wenyewe asiongoze, hata akiwa mtu wa haki, kwa sababu kabila lake linajulikana, sadaka za mazao zinazomlisha zinajulikana zilikotoka, na kila neno lake litapimwa kwa hayo.

Someni pamoja Matendo 6:1-6 kabla ya kuteua. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, na wale saba waliochaguliwa kusimamia mgao huo wote wana majina ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Kanisa la Yerusalemu liliikabidhi kazi kwa upande ulionung'unika. Kama Wasukuma wa kanisani kwenu wanalalamika kwamba hawajawahi kushika kitabu cha fedha, basi karani wa upatanisho huu atoke kwao.

Jueni pia kwamba mipaka ya madhehebu katika nyanda hizi ilichorwa juu ya makabila. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wa Misheni ya Berlin, ambao ni Walutheri, walifika mwaka huohuo upande wa Ziwa Nyasa, wakagawana maeneo. Ndiyo maana hadi leo, ukitaja kabila la mtu, wengi hukisia kanisa lake. Kwa hiyo ugomvi wa malisho hugeuka haraka ukawa wa dhehebu, na anayesema "wale si wa kanisa letu" mara nyingi anamaanisha kabila.

Kusikiliza kila upande peke yake

Tengeni wiki tatu au nne. Fanyeni vikao vifupi nyumbani kwa watu, si ofisini, na kwa lugha anayoota nayo mtu. Mzee anayesimulia kwa Kiswahili cha kuungaunga huonekana muongo kumbe anatafuta maneno. Salamu ya kwanza iwe yao: Kamwene kwa Mhehe na Mbena, Ugonile kwa Mnyakyusa, Mwangaluka kwa Msukuma. Ni jambo dogo, lakini linafungua mlango.

Wanawake wasikilizwe peke yao, maana wao ndio wanaokutana kisimani na sokoni, na wanajua nani kamtukana nani. Vijana wanaochunga nao wasikilizwe bila tajiri wao, yaani mwenye ng'ombe, kuwepo. Siku ng'ombe walipoingia shambani, kijana alikuwepo, tajiri hakuwepo.

Maswali yawe matatu tu. Nini kilitokea, siku gani, mahali gani? Ulipoteza nini? Nini kikifanyika utaweza kukaa naye benchi moja kanisani? Karani aandike, kisha amsomee msemaji maneno yake kabla ya kuondoka. Msibebe kauli za upande mmoja kuzipeleka upande wa pili. Hapo ndipo wasuluhishi wengi huharibu kazi, wakidhani wanajenga kumbe wanachochea.

Mkisikia kuna mtu aliyeuawa, aliyebakwa au aliyejeruhiwa, simamisheni jambo hilo pale pale. Hilo ni la polisi na mahakama. Majeruhi aende polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Kanisa litamtembelea mfiwa, litamwombea mtuhumiwa na kumtembelea mahabusu, ila halina mamlaka ya kufuta jinai kwa ng'ombe wawili na sala.

Hesabu

Hapa ndipo upatanisho unaposimama au kuanguka. Watu wetu wanasamehe kweli, lakini mtu aliyesamehe na watoto wake wanakosa chakula Februari atakumbuka Februari hiyohiyo.

Nendeni shambani wote sita, pamoja na mwenye shamba na mwenye mifugo. Kijijini ekari ni hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi hazilingani, kwa hiyo mtu mmoja apime shamba zima na eneo lililoliwa. Tuseme eneo lililoliwa ni hatua 35 kwa 28. Hizo ni 980, yaani sehemu moja ya tano ya ekari. Sasa mwulizeni jirani anayetumia mfereji uleule na mbegu ileile alivuna kiasi gani. Kama alipata kilo 1,800 kwa ekari, sehemu iliyoliwa ingetoa kilo 360. Mwenye shamba akiwa amefanikiwa kuokota kilo 90 kwenye eneo hilo, deni ni kilo 270.

Andikeni kilo, msiandike magunia. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kawaida si kitu kimoja, na tofauti hiyo peke yake imezaa ugomvi wa pili mara nyingi. Deni la mpunga lilipwe kwa mpunga inapowezekana. Likilipwa kwa fedha, andikeni bei ya siku gani itatumika, kwa kuwa bei ya wakati wa mavuno na bei ya Januari ziko mbali.

Ng'ombe naye ahesabiwe vivyo hivyo. Jike mwenye mimba, ndama na dume la kulimia hawana thamani moja. Bei itajwe na wafugaji wawili wa kijiji kingine, na kama nyama iliuzwa, fedha yake ipunguzwe kwenye deni. Msikubali upande mmoja uhesabiwe na mwingine uambiwe "ninyi sameheni tu, mna mali nyingi."

Mkishindwa kukubaliana kuhusu mpaka wa ardhi, lipelekeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa sheria lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Si aibu kwa kanisa kufika hapo.

Toba yenye jina la kosa

Kikao cha pamoja kifanyike chini ya mti au darasani, wote wakae duara, bila meza kuu. Hakuna picha wala video, kwa sababu mtu anayerekodiwa huongea na simu badala ya kuongea na ndugu yake.

"Kama kuna mtu nilimkosea anisamehe" si toba. Toba inasikika hivi: "Jumanne ile niliona ng'ombe wameingia kwako nikaacha wale kwa sababu ulikuwa umenitukana. Nilifanya makusudi. Deni lako ni kilo 270, nitalipa kwa awamu mbili." Zakayo alitaja kiwango: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kumrudishia mara nne (Luka 19:8). Wa upande wa pili naye atubu lake: "Nilimkata mnyama asiyejua mpaka."

Msimlazimishe mtu kutamka msamaha siku hiyo. Akisema "nimesikia, nipeni muda," mpeni. Anayelazimishwa hukubali kwa mdomo, halafu haonekani kanisani miezi sita.

Msiudharau utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na leo ni watani wanaosaidiana hata msibani. Kama pale kijijini kuna mtani wa pande zote mbili, mwalikeni: ataweza kusema ukweli ambao kwa mzee wa kanisa ungeonekana matusi. Aseme tu baada ya madeni kukubaliwa, si kabla.

Karatasi, kisha meza

Mapatano yaandikwe ukurasa mmoja: njia ya ng'ombe inapita wapi na ina upana wa hatua ngapi, tarehe ya mifugo kuingia kwenye mabua baada ya mavuno, madeni na siku za kulipa, nani anapigiwa simu kwanza ng'ombe akionekana shambani. Nakala nne zenye sahihi: moja kanisani, moja ofisi ya kijiji, moja kila upande.

Awamu ya kwanza ya deni ikishalipwa, pangeni ibada. Wakatoliki wakiwepo pamoja na Walutheri au Wamoravian, fanyeni ibada ya Neno na maombi. Msiweke Ushirika Mtakatifu, kwa kuwa Wakatoliki hawashiriki meza moja na makanisa hayo, na mtu akibaki amekaa wakati wenzake wanakwenda mbele mtakuwa mmeonyesha mgawanyiko siku ya kuuponya. Waefeso 2:14, juu ya kiambaza kilichobomolewa, isomwe kwa lugha mbili au tatu.

Baada ya hapo ni chakula. Kwa watu 100, kilo 20 za mchele na kilo 15 za nyama zinatosha. Mchele utoke kwa wakulima, nyama kwa wafugaji, na visihesabiwe kwenye deni lolote. Wapishi wapangwe wawiliwawili, mmoja kila upande kwenye kila sufuria. Kila sinia liliwe na watu wa pande zote mbili, na karani aangalie hilo kabla ya sala ya chakula, maana watu wakiachwa watakaa walivyozoea.

Wale sita warudi mara tatu: mwezi mmoja baadaye, wakati wa kupandikiza, na mpunga unapoanza kuchanua. Wasiitishe mkutano. Wapite njia ya ng'ombe kwa miguu kuangalia kama kuna aliyelima juu yake, waulize awamu ya pili imelipwa lini, na wajaribu ile namba ya simu kuona kama bado inapokelewa.