SOMO: Kumpima mzee aliyedhoofu (wanafunzi wa tiba kwa vitendo someni hapa)

Kila wiki swali ni lilelile, "naanzia wapi?" Naandika mara moja. Ukiuliza tena nakuelekeza hapa.

1. Soma faili: dawa, magonjwa, historia ya kuanguka.

2. Msalimu kwa heshima. Hakikisha ana miwani na kifaa chake cha kusikia, la sivyo utaandika "amechanganyikiwa" kumbe hakukusikia.

3. Uliza alikuwaje kabla ya kuugua. Kipimo cha udhaifu cha Rockwood, chenye ngazi 9, hutazama hali ya wiki 2 kabla ya ugonjwa, si alivyolala leo. Muulize na anayeishi naye.

4. MTAZAME AKIFANYA. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukimuuliza "unavaa mwenyewe?" atasema ndiyo, nani anataka kuonekana mzigo? Mpe shati, kisha nyamaza. Ameanza na mkono upi? Anaegemea nini? Kifungo cha tatu kikimshinda, mkono wako utakwenda wenyewe kumsaidia. Uzuie, hesabu hadi 10 kimoyomoyo. Ukisaidia kabla hajakwama, alama utakazoandika ni zako, si zake. Ukilazimika kusaidia, andika ulisaidia nini na wapi.
ONYO: kunyamaza si kukaa mbali. Simama upande wake ulio dhaifu, nyuma kidogo, mkono tayari. Akipauka, akipata kizunguzungu au akianza kutafuta ukuta, mkalishe, zoezi limeisha. Asiyejiweza kabisa usimsimamishe peke yako.

5. Ainuke kwenye kiti chenye mikono, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Viatu vyake vya kila siku, fimbo ruksa. Mpime muda: akitumia sekunde 12 au zaidi, kuna hatari ya kuanguka.

6. Andika siku hiyohiyo.

MASWALI

Mwanagenzi: Mkuu, nirushie fomu tu, hayo mengine nitajiongeza.
— Rudi hatua ya 4.

Fundi_Viungo: Wangu katumia sekunde 11, nimeandika hana tatizo. Kuna ubaya?
— Upo. Aligeukaje? Alikaa au alijibwaga kitini? Hukuandika, kwa hiyo hukutazama.

Bi_Mdadisi: Samahani mwalimu, bibi kapata 95 kati ya 100 za Barthel (kipimo cha kujihudumia), lakini familia inasema nyumbani mambo hayaendi. Nani mkweli?
— Swali zuri sana. Wote wakweli. Barthel inauliza kula, kuoga, choo, ngazi. Haigusi kupika, pesa wala dawa. Hayo yamo kwenye kipimo cha Lawton cha 1969. Mwambie akupangie vidonge vyake vya leo ukiwa unaangalia, utaona tatizo linaanzia wapi.

Bi_Mdadisi: Asante! Na anayeyumba akiamka tu?
— Mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, mpeleke kwa daktari na orodha ya dawa zote.

Mzee_wa_Wodi: Nyongeza: bandikeni utepe sakafuni kwenye mita 3. Wengine mnakadiria kwa macho.
— Umenisaidia.