Jinsi ya kutafuta seli za saratani kwenye damu bila kuzipoteza njiani

Mililita 7.5 za damu huwa na chembe nyekundu zaidi ya bilioni 30. Mgonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa anaweza kuwa na seli 5 tu za uvimbe humo, kwa hiyo ukipoteza 2 umepoteza karibu nusu. Njia hii haitumii sumaku zenye kingamwili ya EpCAM (protini iliyo juu ya seli nyingi za uvimbe), kwa kuwa seli iliyopungukiwa na EpCAM huziponyoka.

Hatua ya 1: damu. Jaza kwanza tyubu ya vipimo vingine, ndipo ujaze ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) yenye kizibo cha zambarau. Sindano ikitoboa ngozi huchota seli za ngozi, nazo zina keratini (protini ya nyuzi) kama seli za uvimbe. Usipozitanguliza kwingine utahesabu ngozi ukidhani ni saratani. Pindua tyubu taratibu mara 8 hadi 10. Iache kwenye joto la chumba, isiguse barafu, na uanze kazi ndani ya saa 4.

Hatua ya 2: pasua chembe nyekundu. Suuza tyubu mbili za mililita 50 kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) 1%, seli zisije zikanata kwenye plastiki. Gawa damu humo, kila moja uongeze bafa (kimiminika cha kupasulia) mara 10 ya damu: kloridi ya amonia milimola 155 kwa lita, bikaboneti ya potasiamu 10, EDTA 0.1. Subiri dakika 10. Mchanganyiko mzito utageuka mwekundu mwangavu, kiasi cha kusoma maandishi yaliyo nyuma ya tyubu. Ukizidisha muda, seli unazozitafuta nazo zitaumia.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g (mara 300 ya nguvu ya uvutano), dakika 10. Weka mashine kwa g, maana idadi ileile ya mizunguko hutoa nguvu tofauti kwenye rota tofauti. Maji ya juu yavute kwa pipeti ukibakiza mililita 1. Ukiyamwaga, yataondoka na seli. Osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfati) mara moja tu.

Hatua ya 3: slaidi. Usizidishe seli milioni 3 kwa slaidi. Zifanye seli zisiharibike kwa paraformaldehaidi 4% dakika 10, kisha Triton X-100 (sabuni ya kutoboa utando wa seli) 0.1% dakika 10, kisha BSA 3% nusu saa. Pakaa kingamwili za keratini na za CD45 (protini ya chembe nyeupe), kila moja na rangi yake, halafu DAPI, rangi ya kiini.

Hatua ya 4: kuhesabu. Seli ya uvimbe ina keratini, ina kiini, haina CD45. Tazama kila rangi peke yake. Chembe nyeupe inayokufa hunasa kingamwili ovyo na CD45 yake hufifia, basi ongeza mwanga wa rangi hiyo kabla ya kuamua. Keratini isiyo na kiini ni takataka.

Kila awamu, tia seli 50 za MCF-7 (seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara) kwenye damu ya mtu asiye na saratani, uifanyie hatua zote. Zikirudi 40, unapata 80%. Andaa na damu nyingine isiyotiwa kitu: ikitoa "seli za uvimbe", rudia hatua ya 1.

Kipimo cha CellSearch, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2004, huhesabu seli 5 au zaidi kuwa dalili mbaya kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Mpaka huo ni wa mashine ile, inayonasa kwa EpCAM. Namba zako za slaidi usizipime kwa mpaka huo, wala usiziandike kwenye faili la mgonjwa.