Somo: Kutangaza kitabu cha chesi kwa wachezaji wenyewe

Wanachama, hamjambo. Wengi wenu mmeniuliza jinsi mchapishaji mdogo anavyoweza kuwatangazia wapenzi wa mchezo bila kuonekana mchuuzi aliyevamia sherehe ya watu. Nitatumia chesi kama mfano kwa sababu ndiko nilikoungulia vidole.

Tangazo langu la kwanza la kulipia liliniletea barua kumi na moja, oda hakuna hata moja. Barua zote zilikuwa na neno lilelile: ubao umegeuzwa. Mchora kurasa alitaka farasi aliyekuwa pembeni mwa picha atazame maandishi, akaigeuza picha nzima kushoto kulia. Mraba wa kona ya kulia wa mchezaji, ambao lazima uwe mweupe, ukawa mweusi. Mimi nilipitisha bila kuona. Mtu asiyecheza asingegundua kitu, lakini mchezaji anaona kosa hilo kabla hajasoma jina la kitabu, na akishaliona hasomi tena. Kwa nini amwamini mtu asiyejua kupanga ubao?

Hata hivyo, barua zile zilinifunza kitu. Watu kumi na mmoja walikuwa wameutazama ubao ule kwa makini. Jalada la kitabu, lililokuwa kubwa mara mbili ya ubao, hakuna aliyelitaja. Tangu siku hiyo natangaza kwa ukurasa wa ndani, na jalada nalipatia kona ndogo kama stempu.

HATUA YA 1: Mjue mchezaji mmoja

"Kitabu kwa wachezaji wa viwango vyote" maana yake hakuna aliyeandikiwa. Andika kwenye karatasi, kabla ya chochote kingine, mtu huyu anashindwa wapi. Cha kwangu kilikuwa cha mtu anayejua sheria zote, anafungua mchezo vizuri, anakula kete za mwenzake, halafu mwishoni amebaki na ngome mbili (kete zinazokwenda mstari ulionyooka, wima au mlalo) dhidi ya mfalme mtupu na bado anamkimbiza ubao mzima mpaka saa inamwishia. Mtu huyo akisoma sentensi hiyo anajijua. Asiyehusika ataipita, na ni sawa.

HATUA YA 2: Chagua ukurasa

Hapa ndipo pa kukaa, msiharakishe.

Ukurasa unaofaa ni ule ambao mtu atafaidika nao hata asiponunua. Mimi nilichagua fumbo hili. Herufi ni safu ya wima, a hadi h kutoka kushoto kwa weupe, na namba ni mstari wa mlalo, 1 hadi 8 kutoka upande wao. Mfalme mweusi yuko e7, peke yake. Weupe wana mfalme g1, ngome moja a6 na nyingine b5. Weupe wanaanza, chekimeti (mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia) kwa hatua mbili.

Fumbo ni jepesi, na nimelichagua kwa ajili hiyo. Fumbo gumu linamsifu mwandishi, fumbo la kiasi linamsifu msomaji. Jibu ni ngome ya b5 kwenda b7, cheki, yaani mfalme ameshambuliwa. Mfalme hawezi kushuka mstari wa 6 kwa sababu ngome ya a6 imeufunga wote, kwa hiyo anapanda wa 8, iwe d8, e8 au f8. Kokote atakakokwenda, ngome ya a6 inaruka a8 na mchezo umekwisha. Ngome mbili zinapanda ngazi kwa zamu, moja inafunga mlango huku nyingine ikisukuma. Anayeuona mtindo huo mara moja hausahau, na hapo ameshaonja jinsi kitabu kinavyofundisha.

Jambo hili si jipya. William Caxton, aliyeleta uchapaji Uingereza, alitoa kikaratasi cha tangazo karibu mwaka 1477 akiuza kitabu cha kanuni za ibada. Hakukisifu kitabu. Alisema kimechapwa kwa herufi kama za kikaratasi hichohicho, yaani ulichoshika mkononi ndicho utakachopata, akataja mahali pa kukipata na kwamba bei ni nafuu. Chini akaomba kwa Kilatini kikaratasi kisibanduliwe. Nakala mbili zipo mpaka leo. Na bwana huyo, miaka michache kabla, alikuwa ametoa pia kitabu kilichotumia kete za sataranji, yaani chesi, kueleza jinsi watu wa kila tabaka wanavyopaswa kuishi. Kwa hiyo fani yetu ina mababu.

HATUA YA 3: Andika maneno machache yenye mizigo

Baada ya ubao, mchezaji anataka kujua mambo matano tu: kitabu ni cha nani, kina mafumbo mangapi, majibu yameelezwa au yameorodheshwa tu, mwandishi ni nani, na kinapatikanaje. Tangazo langu la pili, ukiacha jina la mwandishi na mahali pa kukipata yaliyokuwa chini yake, lilisomeka hivi:

"Una ngome mbili, yeye ana mfalme tu, na bado umetoka sare? Kitabu hiki ni cha miisho ya mchezo. Mafumbo 120, kila moja na maelezo ya kwa nini hatua inayokujia kwanza kichwani haifai. Fumbo la 14 ni hili hapa juu, jibu liko nyuma ya karatasi."

Basi. Hakuna "cha kipekee", hakuna "usikose". Sifa za namna hiyo futa zote halafu soma kilichobaki. Kisipobaki kitu, tatizo si tangazo, rudi ukakitazame kitabu chenyewe.

HATUA YA 4: Jitaje

Ukisimama kwenye mkutano wa chama au ukiandika kwenye jarida lao, sema mapema kwamba wewe ndiye mchapishaji. Nimewahi kuona mtu akiuliza, kwa sauti ya mgeni asiyejua kitu, "Jamani, kuna mtu amesoma kitabu fulani? Nasikia kizuri," kumbe ni chake. Aligunduliwa kabla ya chai. Wachezaji ni watu wanaolipia ada ili wafundishwe kunusa mitego, wewe utawatega vipi?

HATUA YA 5: Kabla ya kwenda mtamboni

Kwa haraka: acha milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi. Rangi zipangwe kwa ajili ya wino wa mtambo, zisiwe zile za kioo cha kompyuta, la sivyo buluu yako itatoka zambarau. Michoro ya ubao isiwe picha zilizopigwa kutoka kwenye skrini, kingo za miraba zitafifia. Msimbo wa QR uachiwe ukingo mweupe pande zote, upana wa vijiraba vyake vinne, na uujaribu kwa simu tofauti ukiwa umechapwa, si ukiwa kwenye skrini.

Kisha jaribio moja ambalo siliruki tena. Mpe mchezaji karatasi iliyochapwa, usimwambie kitu, mwombe apange kete kwenye ubao halisi kama zilivyochorwa na atatue. Mkono unagundua yale ambayo jicho lako limezoea kuyaruka. Kona ile ya kulia ingegunduliwa kwa dakika moja.

HATUA YA 6: Mahali na wakati

Ratiba ya mashindano inashinda karibu kila mahali pengine. Mchezaji anaifungua kila raundi kutafuta meza yake, na kati ya raundi ana muda mrefu wa kukaa bila la kufanya. Nusu ukurasa humo inasomwa mara nyingi kuliko ukurasa mzima wa jarida linalosomwa mara moja likawekwa.

Kuna wazo ambalo kila mtu hulipata, nami nililipata: kuchapa fumbo nyuma ya karatasi ya kuandikia hatua. Msijaribu. Kwanza, kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, karatasi zile ni mali ya mwandaaji. Pili, mchezaji haruhusiwi kutumia maandishi au chanzo chochote cha maarifa mchezo ukiendelea, na hakuna mwamuzi atakayefurahi kuona somo la ngome mbili limelala mezani mbele ya mtu mwenye ngome mbili. Jina la kitabu na anwani pengine atakubali. Ubao, hapana.

Na ukumbi ukishanyamaza, nyamaza. Meza ya vitabu iwe nje ya mlango.

HATUA YA 7: Hesabu

Kila mahali unapotangaza pape alama yake. Wauzaji wa zamani wa kwa posta walikuwa wakiandika namba tofauti ya idara katika kila gazeti. Idara zenyewe hazikuwepo, lakini barua ikifika wanajua imetoka gazeti gani. Leo ni neno la punguzo: RATIBA kwa waliosoma ratiba, JARIDA kwa wa jarida. Andika daftarini umelipa kiasi gani na oda ngapi zimekuja. Usihukumu baada ya siku tatu, maana vitabu vya mchezo hununuliwa baada ya kushindwa. Mtu hukumbuka tangazo lako Jumapili jioni, akirudi nyumbani amekunja uso.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikitoa fumbo pamoja na jibu, si nimewapa kitabu bure?

Umewapa moja kati ya 120. Tena jibu usilifiche. Nilijaribu kuandika "jibu limo kitabuni" na kwa tangazo hilo neno la punguzo lilitumika mara mbili tu. Mtu anayefichwa jibu anahisi amekamatwa shati.

Swali: Mhariri wa jarida moja la mchezo ananiambia nilipie ndipo aandike uhakiki. Nifanyeje, kaka?

Ukilipa, hilo ni tangazo, na juu yake liandikwe TANGAZO. Hakuna ubaya kulinunua kwa jina hilo. Kama unataka uhakiki, mpe nakala bila masharti na ukubali atakachosema, ikiwemo kwamba karatasi ni nyembamba. Mhakiki naye aseme nakala alipewa. Mimi uhakiki ulioniuzia zaidi ulilalamika kwamba mafumbo 30 ya mwanzo ni mepesi mno, na wanaoanza wakasoma hapo wakasema basi hiki ndicho changu.

Swali: Tangazo langu lina bei, mwenzangu anasema niiondoe ili watu wapige simu kuuliza. Nani yuko sahihi?

Wewe. Anayelazimika kuuliza bei anadhani ni kubwa, na wengi hawaulizi. Weka na gharama ya kutuma kama ipo.

Swali: Mchezaji mmoja amesimama hadharani akasema fumbo la 57 lina majibu mawili. Ni kweli. Nimeona aibu sana.

Pole, ila hiyo ni bahati, mradi ujibu siku hiyohiyo. Mshukuru kwa fumbo lenyewe, chapa karatasi ya masahihisho, itie ndani ya kila nakala iliyobaki na uitume kwa walionunua. Kwa kitabu kijacho, kila ubao upitishe kwenye programu ya chesi kabla ya kuchapa. Stockfish ni ya bure na haina huruma. Lakini haikuambii kama mchoro wako umegeuzwa, hilo naomba mnikumbuke mimi.

Swali: Mimi dada yenu sitoi vitabu vya chesi, natoa vya kufuma. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kuliko mimi. Ukurasa wako wa ndani ni mchoro wa mishono. Toa kipande kidogo ambacho mtu atakimaliza jioni moja, uandike unene wa uzi, namba ya sindano, na mishono mingapi katika kipimo cha sentimita 10 kwa 10. Usipoandika kipimo hicho, mfumaji atajua hujafuma mwenyewe. Hiyo ndiyo kona yako ya kulia. Na picha ya sweta aliyovaa mrembo iwe ndogo. Mpige picha mshono kwa karibu, mpaka uzi uonekane ulivyosokotwa.

Swali: Nirudie tangazo lilelile mara ngapi kabla halijachosha?

Ukibadilisha fumbo, halichoshi. Mimi hubakiza mpangilio na maneno, nabadilisha ubao kila toleo. Kuna waliokuwa wakifungua jarida kwenye ukurasa wangu kwanza, na baadhi yao hawajawahi kununua kitu. Siwadai.

Swali: Samahani, hili haliko kwenye somo. Nimeupanga ubao wako. Kwa nini nisianze na ngome ya a6 kwenda a7? Nayo si cheki?

Ni cheki, lakini umefungua mlango uliokuwa umeufunga. Mstari wa 6 sasa uko wazi, mfalme anashuka d6. Ukimfuata kwa ngome ya b5 kwenda b6, cheki, anaingia c5 na kuishambulia ngome hiyohiyo. Sasa wewe ndiye unayekimbia. Rudisha kete, anza na b7.