Somo: Bodi ya waifai kwa ajili ya vihisi, ununue ipi?

Wakuu, haipiti wiki sijatumiwa picha ya bodi (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi na kutuma data kwa waifai) na swali "hii inafaa?" Naandika mara moja tu.

1. Jua kwanza unapima nini, na umeme unatoka wapi. Ukutani au betri?

2. Kihisi kimoja, umeme wa ukutani: bodi yenye chipu ya ESP8266 inatosha, hasa ile iitwayo D1 Mini. Ina pini moja tu ya analogi (ya kusoma volti zinazopanda na kushuka), A0.

3. Vihisi vingi, au unataka Bluetooth: ESP32. Pico W ya Raspberry Pi, iliyotoka 2022, ni nzuri kwa anayejifunza lugha ya programu ya MicroPython. Ina pini tatu za analogi.

4. Hapa ndipo nilipoaibika. Nina mchicha kwenye ndoo barazani, Tabata. Nikachomeka kihisi cha unyevu kwenye pini 25 ya ESP32. Nikimwagia maji, namba zinashuka vizuri. Nikiwasha waifai, zinakuwa za hovyo. Nikabadilisha kihisi mara mbili, nikarudi Kariakoo kugombana na kijana wa watu dukani. Kumbe kosa langu! Pini za ADC2, yaani kisoma-analogi cha pili cha chipu (0, 2, 4, 12–15, 25–27), hazisomi analogi waifai ikiwa imewashwa. Tumia 32, 33, 34, 35, 36 au 39. ANGALIZO: hiyo ni ESP32 ya kwanza. ESP32-C3 na ESP32-S3 zina mpangilio wao, tafuta mchoro wa pini za bodi yako kabla hujachomeka waya.

5. Pini zote za ishara ni volti 3.3. Ukiingiza 5, unaweza kuunguza bodi.

6. Kebo iwe ya data. Nyingi za mitaani ni za kuchajia tu.

MASWALI

Fundi Mbagala: Bei gani mkuu?
— Inabadilika. Uliza maduka matatu.

Kijana wa Kimara: Bodi yangu imekufa, nisaidie haraka.
— Umeunganisha nini?
Kijana wa Kimara: HC-SR04, kihisi cha kupima umbali kwa sauti, cha maji ya tangi. Pini yake ya Echo moja kwa moja.
— Namba 5. Umeisoma?
Kijana wa Kimara: Nilipitisha macho.
— Basi nunua nyingine. Echo inatoa volti 5: weka rezista ya kilo-om 1 kati ya Echo na pini, na ya 2 kutoka pini kwenda graundi.

Dada Kigamboni: Kaka, shamba langu halina umeme. Kwa nini betri inaisha haraka wakati bodi nimeilaza kwa programu?
— Swali zuri dada. Chipu ya ESP32 ikilala inakula mikroampea 10 hivi, lakini regyuleta (kirekebisha volti), chipu ya USB na kile kitaa chekundu havilali. Kitaa king'oe. Ukiwa na ESP8266, unganisha pini za D0 na RST, la sivyo haiamki.
Dada Kigamboni: Kumbe! Na hotspoti ya simu haiioni kabisa.
— Iweke gigahezi 2.4. Bodi hizi hazijui 5.

Mzee Tandika: Wa tangi, HC-SR04 inaoza kwa mvuke. Chukua JSN-SR04T, ila chini ya sentimita 20 hivi haisomi. Mimi nimeipandisha juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba.
— Mzee, tuwekee picha ya hilo bomba.