Kuweka taa za LED kwenye kijahazi cha mapambo, hatua kwa hatua

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme, baada ya kuharibika njia inayouleta kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Sisi wa Mkokotoni tulizowea giza. Baada ya Isha nilikuwa nikikaa pwani kutazama vyombo vinavyotoka Tumbatu, na hapo nikaona jambo ambalo miaka yote ya kuchonga vijahazi sikulitia maanani: usiku chombo hukioni. Unaona kandili moja shetrini, kule nyuma ya chombo, kipande cha mlingoti kilichopigwa na mwanga, na mkono wa nahodha juu ya kana, ule mti wa kushikia usukani. Basi.

Naanza na hilo kwa sababu vijahazi vingi vyenye taa ninavyovikuta madukani vimejazwa balbu nyeupe toka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na mwanga unafuta kazi yote ya mkono. Hapa naeleza namna ya kuweka taa chache, ndogo, za rangi ya moto wa mafuta. Chombo ninachokitolea mfano kina urefu wa sentimita 60 na kimechongwa kwa kipimo cha jahazi la mita 15, yaani sentimita 1 hapa ni sentimita 25 baharini.

Hatua ya 1: Chombo chako ni cha zama gani?

Kama unachonga mtepe, ule ulioshonwa kwa kamba za nazi na kutweka tanga la mkeka, weka kandili tu. Taa nyekundu na kijani si za zama zake, na mtu anayejua vyombo ataliona kosa hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Jahazi la siku hizi lina taa zake za sheria: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Kila taa ya ubavuni humulika kuanzia mbele moja kwa moja hadi nyuzi 112.5 upande wake, na ile ya nyuma hufunika nyuzi 135 zilizobaki. Kwa hivyo taa ya ubavuni huwekewa kibao kwa ndani ili nyekundu isionekane upande wa kijani. Kibao cha urefu wa sentimita 2 kilichopakwa rangi nyeusi kinatosha. Ile nyeupe ya mlingotini inayomulika mbele ni ya chombo kinachokwenda kwa mashine. Ikiwa umetweka tanga peke yake, usiiweke.

Hatua ya 2: Vifaa

Taa ya LED ya milimita 3 mkononi ni ndogo, lakini kwa kipimo chetu inakuwa na upana wa sentimita 7.5. Ni kubwa mno kwa utambi wa kandili. Mimi natumia zile za kibapa ziitwazo 0805, milimita 2 kwa 1.25. Chukua nyeupe ya manjano kwa kandili. Nyeupe ya buluu iache. Waya ni ule mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, na mafundi redio wanao kwenye mota na transfoma zilizokufa. Utahitaji pia rezista (kijipande cha kupunguza mkondo wa umeme), chuma cha lehemu chenye ncha nyembamba, mita ya kupimia umeme, wembe, na rangi ya kucha isiyo na rangi.

Hatua ya 3: Hesabu ya rezista

Usiunge LED moja kwa moja na chaja ya simu, itaungua. Toa volti za taa kwenye volti za chaja, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka. Chaja ya USB ni volti 5. LED nyeupe na kijani hula karibu volti 3, nyekundu karibu 2. Ukitaka miliampia 5, nyeupe inahitaji (5 − 3) ÷ 0.005, sawa na omu 400. Chukua rezista ya 470 (njano, zambarau, kahawia). Nyekundu inatoka 600, basi chukua 680 (buluu, kijivu, kahawia). Kila taa na rezista yake. Ukiziunganisha taa za rangi mbili kwenye rezista moja, nyekundu itachukua karibu mkondo wote na nyeupe itabaki imezimika.

Kwa kandili mimi nashusha zaidi: omu 1,000, mara nyengine 2,200. Mkondo unakuwa miliampia 2 au chini ya 1, na ndipo mwanga unapofanana na utambi.

Hatua ya 4: Njia za waya, kabla ya sitaha

Kazi hii hufanywa wakati mataruma (mbavu za chombo) yako wazi na darumeti (miti inayobeba sitaha) hazijafungwa. Toboa kwa biti ya milimita 1. Keke ya mafundi wa vyombo ni nzito kwa ubao wa namna hii. Waya wa mlingotini upitishe kwenye mfereji mwembamba uliokwanguliwa kwa ncha ya wembe upande wa nyuma, kisha zibe kwa vumbi la mbao hiyo hiyo lililochanganywa na gluu. Waya zote zishuke ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, zitokee kwenye mkuku (ule mti wa chini unaobeba chombo) kupitia vijibomba viwili vya shaba. Vijibomba hivyo ndivyo miguu ya kusimamishia chombo, na anayekitazama haoni waya wowote.

Ndani ya chumba cha shetri paka rangi nyeusi kabla ya kuweka taa. Ubao wa milimita 2 na viungo vyake huvuja mwanga, na ukishafunga huwezi tena kuufikia.

Hatua ya 5: Kulehemu

Bandika LED kichwa chini juu ya utepe wa gundi ili isikimbie. Kwangua vanishi ya waya kwa wembe, milimita 2 tu, mpaka shaba ing'are kwa rangi ya waridi. Tia lehemu kidogo kwenye waya, tone dogo kwenye kila ncha ya taa, halafu kutanisha viwili hivyo na gusa kwa chuma kwa sekunde moja. Ukikaa zaidi, taa inakufa. Jaribu hapo hapo kwa betri ya saa ya volti 3. Isipowaka, geuza pande kabla ya kuilaumu.

Ukimaliza, futa mabaki ya dawa ya lehemu kwa spiriti, kisha funika kiungo kwa rangi ya kucha. Hili nimelilipia. Jahazi langu la kwanza lenye taa nililifunga sitaha bila ya kusafisha. Masika yalipoingia, unyevu na chumvi vikala viungo, taa tatu kati ya tano zikazimika, na mteja akanirejeshea. Nilivunja sitaha ya mninga niliyoipiga msasa kwa siku nne.

Tangu hapo naziwasha taa zote usiku kucha na mchana wake kabla ya ubao wa kwanza wa sitaha kulala.

Hatua ya 6: Kandili yenyewe

Kata kipande cha milimita 8 cha bomba la kalamu ya wino lililo wazi. Kipigie msasa laini kwa nje ili mwanga utawanyike, kisha pitisha vanishi ya rangi ya asali mara mbili. Juu weka ushanga mdogo mweusi, chini kiduara cha shaba, na mkono wa kandili uwe waya ule ule unaoleta umeme. Nauzungusha kwenye sindano ya kushonea magunia ili upate mpindo wa kweli.

Hatua ya 7: Chanzo cha umeme

Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo namna hii, kwa hivyo usizitegemee. Tumia chaja ya simu au betri tatu za AA, jumla volti 4.5, ambazo zitawasha taa tano kwa zaidi ya saa 100. Betri zikae kwenye kitako, pahala zinapotoleka kwa urahisi, na zitolewe ikiwa chombo kitawekwa muda mrefu, kwani zikivuja zinakula shaba.

Mwisho zima taa za chumba, kiweke kijahazi juu ya meza, na inama mpaka jicho lako liwe sawa na mstari wa maji. Ikiwa bado unaiona sitaha yote, ongeza rezista kwenye kandili.