Kuweka dawa ya mchwa kwenye udongo kuzunguka nyumba: mwongozo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Mchwa wa ardhini hawaishi ndani ya fremu ya mlango wala ndani ya kenchi wanazozitafuna. Makao yao yako chini, pengine katika kichuguu kinachoonekana shambani, pengine chini ya kiwanja cha jirani, nao huifikia nyumba kwa njia za chini kwa chini kabla ya kupanda ukutani ndani ya vijia vya udongo wanavyovijenga ili miili yao isikauke. Kwa hiyo mtu anayepaka dawa kwenye ubao ulioliwa, au anayekwangua vijia hivyo kila vinapojitokeza, anakuwa hajawagusa. Kazi yenye maana ni kuweka kati yao na msingi ukanda wa udongo wenye dawa, usiokatika mahali popote. Kazi nyingi za namna hii hushindwa kwa sababu ya mwanya ulioachwa nyuma ya choo au chini ya kibaraza, na kwa sababu ya uchache wa maji yaliyochanganywa na dawa. Ni mara chache sana kosa huwa la dawa yenyewe.

Anza kwa kuizunguka nyumba polepole, nje na ndani. Vijia vya mchwa vina upana unaokaribia wa penseli, na hupatikana zaidi kwenye pembe za msingi, mabomba yanapoingilia ukutani, penye nyufa za plasta, na mahali ambapo fremu za milango zinagusa sakafu. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi. Ubao ulioliwa kwa ndani hutoa sauti ya uwazi. Katika Mbeya, Iringa na Njombe kuna nyumba nyingi za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji, na hizi zinahitaji macho makali zaidi, kwa kuwa mchwa huweza kupanda katikati ya ukuta, ndani ya viungo vya udongo, bila kuonyesha kijia chochote mpaka watakapotokea darini.

Kabla ya kununua dawa, ondoa kinachowaita. Kuni na mabanzi yaliyoegemezwa ukutani, mabua yaliyoachwa baada ya mavuno na visiki vilivyofukiwa uani ni chakula chao. Mahindi yaliyopandwa hadi kwenye msingi ni tatizo la peke yake, maana udongo ule utamwagiwa sumu. Acha ukanda mtupu wa mita moja kuzunguka nyumba yote, usiwe na mahindi, mboga wala maboga, na usirudi kulima hapo. Rekebisha pia bomba linalovuja na paa linalomwaga maji kwenye msingi, kwa sababu udongo wenye unyevu wa kudumu ndio wanaoupenda.

Kuhusu majira, mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika kipindi hicho udongo ulioshiba maji haunyonyi dawa, bali huiacha itiririke hadi mtoni. Wakati mzuri ni Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu wa kiasi, huku miezi mikavu iliyo mbele ikiipa dawa nafasi ya kushikamana na chembe za udongo. Atakayechelewa hadi Septemba au Oktoba, hasa penye udongo mwekundu mgumu wa Iringa, aunyunyizie maji kidogo siku moja kabla. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa bonde la Usangu, ziba kwanza nyufa za kiangazi, kwani dawa itazama ndani yake bila kusambaa.

Dawa za kazi hii ziko za namna mbili. Zipo zinazowafukuza mchwa, kama bifenthrini na sipamethrini: wakiikaribia hurudi nyuma, lakini huendelea kutafuta upenyo. Zipo nyingine, kama fipronili na imidaklopridi, ambazo hawazihisi. Hupita ndani yake, huibeba dawa miilini na kuwapa wenzao kabla ya kufa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, ambapo ni vigumu kuhakikisha kwamba hakuna upenyo hata mmoja, naona kundi la pili ndilo linalofaa. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa katika chombo chake cha asili na lebo inayotaja matumizi dhidi ya mchwa wa majengo. Wapo wazee wanaoisifu dieldrini ya zamani, na ni kweli ilidumu ardhini kwa miaka mingi. Lakini kudumu huko, pamoja na kujilimbikiza katika mafuta ya miili ya watu na wanyama, ndiko kulikoifanya iorodheshwe katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 miongoni mwa viuatilifu vya kuondolewa duniani. Oili chafu ya gari nayo iachwe: huchafua udongo na maji bila kufanya ukanda wa kutegemewa.

Kipimo cha kushika ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 ina mzunguko wa mita 44, kwa hiyo inahitaji lita 220, sawa na kulijaza bomba la mgongoni la lita 16 karibu mara 14. Iwapo lebo inaelekeza mililita 50 za dawa kwa lita 10 za maji, jumla ya dawa itakuwa lita 1 na mililita 100. Wengi hushtushwa na wingi huu wa maji, wakaamua kuchanganya dawa kali katika mabomba mawili na kunyunyizia juu juu. Hilo ni hasara tupu. Ukali hauwezi kuifikisha dawa mahali ambapo maji hayakufika, na mchwa hupita chini ya tabaka hilo jembamba bila tabu.

Chimba mtaro ukigusa msingi kabisa, upana sentimita 15 na kina sentimita 30, lakini usishuke chini ya kitako cha msingi. Kama msingi ni wa mawe na udongo, chimba kipande kwa kipande na kukifukia kabla ya kuanza kingine, ili ukuta usikae wazi. Mimina nusu ya kipimo taratibu ndani ya mtaro kwa kopo la kumwagilia au bomba lililoondolewa ncha ya kupulizia, subiri inywewe, kisha rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 10 hivi, ukiloanisha kila tabaka kwa nusu iliyobaki. Viwanja vyetu vingi viko kwenye miteremko, na hapo dawa yote hukimbilia upande wa chini na kuuacha upande wa juu mkavu. Zuia kwa kuacha vijituta vya udongo ndani ya mtaro kila baada ya mita 2, umwagie kila kipande cha mtaro kilicho kati ya vijituta peke yake, halafu uvimwagie vijituta vyenyewe. Penye msingi mrefu zaidi, toboa kwa nondo chini ya mtaro kila baada ya sentimita 30 na uongeze kipimo kulingana na kina.

Kibaraza cha zege kilichoungana na ukuta hakirukwi. Toboa kwa drili matundu yaliyoachana sentimita 30 kandokando ya ukuta, mimina lita moja na nusu katika kila tundu, kisha ziba kwa saruji. Ndani ya vyumba vya sakafu ya udongo, ambako watoto hukaa na kutambaa, dawa isimwagwe isipokuwa sakafu itafunikwa kwa zege mara baada ya kazi. Kwa nyumba inayojengwa sasa kazi ni rahisi zaidi: kifusi kikishashindiliwa, mwagia lita 5 kwa kila mita ya mraba, funika kwa nailoni siku hiyo hiyo na umwage jamvi, yaani sakafu ya zege, mapema.

Vaa glovu za mpira, mabuti, nguo za mikono mirefu, miwani na barakoa inayotajwa na lebo. Upande ulio na kisima ndani ya mita 15 usimwagiwe. Fipronili ni hatari sana kwa kuku na nyuki, na bifenthrini huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo funga kuku mpaka udongo ukauke na kushindiliwa, na usioshee vyombo karibu na kijito au bwawa. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye mchanganyiko, kisha itobolewe ili asipatikane mtu wa kuiwekea mafuta ya kula.

Vijia vya zamani vikwanguliwe baada ya kazi, ili kijia kipya kikionekana kijulikane kuwa ni kipya. Kagua mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi wanaporuka, na tena mvua zinapokwisha. Matone ya bati lisilo na mifereji huchimbua udongo na kuufagilia mbali, kwa hiyo mifereji ya paa ni sehemu ya kazi hii. Mahali popote patakapochimbuliwa baadaye, iwe kwa kupitisha bomba, kusimika nguzo au kwa kuparuliwa na kuku, pawekewe dawa upya kwa kipimo kile kile cha lita 5 kwa kila mita.